Manowari ya Makoloni na Mchezaji wa Mashuuru

Miongoni mwa meli za kivita zinazopatikana katika mchezo wa kompyuta uitwao World of Warships, ambao kampuni ya Wargaming iliutoa mwaka 2015 na ambao hukutanisha wachezaji wa nchi mbalimbali kupitia intaneti, imo manowari moja ya Ufaransa yenye jina la Bougainville. Manowari hiyo imewekwa katika ngazi ya kwanza, iliyo ya chini kabisa, kwa hiyo ndiyo anayokabidhiwa kila anayeanza safu ya kruza za Ufaransa, na wachezaji wengi huitumia kwa muda mfupi tu kabla ya kupanda kwenye meli kubwa zaidi na kuisahau. Lakini anayesimama kuitazama vizuri atagundua kwamba chombo hiki kinachodharauliwa kina undugu wa karibu na vita vilivyowavusha askari wa Afrika Mashariki baharini mwaka 1942, na kwamba undugu huo haumfikii mchezaji popote katika mchezo wenyewe.

Mjini Kitengela, ambako saiba na vibanda vya michezo ya video vimejipanga pamoja na maduka ya vifaa vya ujenzi na hoteli za nyama choma, yupo mchezaji mmoja ambaye amekataa kuisahau Bougainville. Ni fundi wa kompyuta aliyelelewa Mashuuru, katika nyanda kavu za Kajiado ambako maji ya kuaminika ni ya visima na mabwawa ya kunyweshea mifugo, na ambako bahari hujulikana zaidi kwa kusimuliwa kuliko kwa kuonwa. Anazo meli nyingi za ngazi za juu, lakini kila anapomfundisha mgeni wa gemu humrudisha kwenye manowari hii ndogo, kwa sababu anaamini kwamba meli dhaifu humfunza mtu adabu ya bahari, ilhali meli yenye nguvu humfichia makosa yake.

Maelezo yake kuhusu chombo hicho ni ya mtu aliyekichunguza kwa mapenzi. Bougainville ina mizinga mitatu tu mikubwa, kila mmoja ukiwa peke yake kwenye kiti chake na wenye mdomo wa milimita 138, na haina torpedo, yaani kombora lenye injini linalosafiri ndani ya maji na ambalo ndilo tumaini la meli ndogo nyingi zinapokabiliana na kubwa. Mwili wake una urefu wa mita mia moja na ushei, lakini haukufunikwa kwa bamba nene la chuma la kuzuia makombora. Manowari halisi iliendeshwa kwa injini za dizeli, na mwendo wake ulikuwa fundo 15 na nusu, yaani karibu kilomita 29 kwa saa, katika zama ambazo manowari za kushambulia kwa torpedo zilikuwa zikipita fundo 35. Tena ilibeba ndege moja ndogo ya majini, ambayo iliteremshwa baharini kwa winchi, ikaruka kwenda kuchungulia ng'ambo ya upeo wa macho, kisha ikarudi na kupandishwa tena melini.

Kwa fundi huyo, kila kasoro katika orodha hiyo ina sababu, na sababu zote zinarudi kwenye kazi moja. Manowari hii haikuundwa kupambana na kundi la meli za kivita, bali kukaa kwa miezi katika bahari za joto mbali na Ufaransa, kwenda masafa marefu bila kujaza mafuta mara kwa mara, kubeba kikosi kidogo cha askari, na kusimama mbele ya mji wa pwani ili wenyeji waione bendera na mizinga yake. Wafaransa waliiita aviso ya makoloni, na katika majeshi mengine ya majini ya wakati huo ingewekwa karibu na sloop, manowari ndogo ya doria na ya kusindikiza meli nyingine. Mchezo umeiweka katika kundi la kruza, manowari za ukubwa wa kati, kwa kuwa haukuwa na kundi lililoifaa zaidi.

Kuipiga mizinga yake kunahitaji subira ambayo fundi huyo huilinganisha na kurusha rungu: kijana wa Mashuuru anayemlenga mnyama anayekimbia hatupi pale mnyama alipo, bali pale atakapokuwa rungu litakapofika. Makombora ya Bougainville hukaa hewani kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo adui huwa amesogea, amegeuza usukani au amepunguza mwendo, hivyo mchezaji hana budi kusoma umbali, kasi na mwelekeo wa pua ya meli ile kabla ya kufyatua. Kisha huja uchaguzi wa aina ya kombora, kwa maana lile la mlipuko hupasuka likigusa na huweza kuwasha moto, na lile la kutoboa hupenya chuma kwanza ndipo lilipuke, na anayefyatua la kutoboa kwenye meli isiyo na chuma kinene huliona likipita upande huu na kutokea upande wa pili bila madhara makubwa. Kwa kuwa mizinga ni mitatu, kila mpigo una thamani, na fundi husema kwamba hapo ndipo wanafunzi wake huacha pupa.

Mambo haya yote mchezo umeyashughulikia kwa uangalifu wa kupendeza, kuanzia umbo la mnara wa amri hadi mahali pa mashua za kuokolea watu, na hakuna haja ya kuwanyima wabunifu wake sifa wanayostahili. Palipo na kimya ni juu ya watu. Meli zilizojengwa kwa muundo mmoja na Bougainville na kukamilika zilikuwa nane, na ukisoma majina yake unakuwa umesoma sura nzima ya historia ya kuvamiwa kwa nchi za wengine. Bougainville lilikuwa jina la baharia wa karne ya 18 aliyeizunguka dunia. D'Entrecasteaux, msafiri aliyewahi kuwa gavana wa Mauritius ilipokuwa chini ya Wafaransa. Savorgnan de Brazza, mtu aliyeiingiza sehemu ya Kongo katika himaya ya Ufaransa na ambaye jina lake limebaki Brazzaville. Na Rigault de Genouilly, amirali aliyeuteka mji wa Saigon mwaka 1859.

Ufaransa iliposhindwa na Ujerumani mwezi Juni 1940, meli hizo pacha ziligawanyika kama ilivyogawanyika nchi yenyewe. Baadhi zilibaki chini ya serikali ya Vichy, iliyokuwa imefanya mapatano na Wajerumani, na Savorgnan de Brazza ikaingia upande wa Ufaransa Huru ya Jenerali de Gaulle. Tarehe 9 Novemba 1940, mbele ya mji wa Libreville nchini Gabon, Savorgnan de Brazza ya Ufaransa Huru ilipigana na Bougainville ya Vichy na kuiangamiza. Manowari hii ambayo leo kijana wa Kitengela huijaribu dhidi ya adui wa kila bendera iliuawa na pacha wake, katika maji ya Afrika, kwa ugomvi uliozaliwa Ulaya.

Pacha mwingine, D'Entrecasteaux, ndiye aliyekutana na vita vilivyoigusa Kenya. Baada ya Wajapani kushambulia Ceylon mwezi Aprili 1942, kundi la manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi lilirudi nyuma na kuifanya Kilindini kuwa kituo chake, na Waingereza wakaingiwa na hofu kwamba Japani ingeweza kuitumia bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, kuikata njia ya meli kupitia Mlango wa Msumbiji. Alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942 waliishambulia. Ndege kutoka kwenye manowari ya kubebea ndege Illustrious zilizamisha nyambizi Bévéziers pamoja na meli ya biashara iliyotiwa mizinga, ambayo nayo ilikuwa imepewa jina la Bougainville, hivyo jina hilo likazama Afrika mara ya pili katika muda usiofika miaka miwili. D'Entrecasteaux ilisalia kwa muda ikiwafyatulia askari wa nchi kavu, kisha ikapigwa kwa ndege na kwa mizinga ya manowari Laforey, ikaishia ufukweni ikiungua.

Bandari ilisalimu amri baada ya siku chache, lakini kisiwa hakikusalimu. Mwezi Juni, Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Madagaska ikiwa na vikosi vya King's African Rifles, maarufu kama KAR, kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Baada ya Majunga kutekwa tarehe 10 Septemba, askari hao walitangulizwa katika mwendo mrefu wa kupanda nyanda za juu, wakiondoa miti iliyolazwa barabarani na kuvuka mito iliyovunjwa madaraja, wakaingia Tananarive tarehe 23 Septemba na kuendelea kusini hadi mapatano ya kusimamisha vita ya tarehe 6 Novemba. Upande wa pili, wengi wa askari walioamriwa na maofisa wa Vichy walikuwa Wamalagasi na Wasenegali. Waafrika waliwapiga Waafrika kwa amri ya watu waliogombania Ulaya, kama zilivyofanya meli pacha za Libreville.

Hata nyanda za Kajiado, zisizo na bandari wala bahari, hazikubaki nje ya vita hivyo. Kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa kimefunguliwa Athi River mwaka 1938, mwendo mfupi kutoka mahali palipokua mji wa Kitengela, na katika miaka ya vita serikali ya kikoloni ilichukua ng'ombe wengi kutoka kwa wafugaji, Wamaasai wakiwemo, ili kulisha majeshi. Fundi wa Mashuuru anapoelezwa jambo hili hulipokea kwa uzito wa mtu aliyekulia katika nyumba ambayo mali yake ni mifugo, naye hurudia hoja moja: kwamba gemu inayoweza kukuonyesha unene wa bamba la chuma kwa milimita haiwezi kudai kwamba haina nafasi ya kueleza nani alilipia vita, na kwa nini.

Lipo jambo moja katika mpangilio wa mchezo ambalo yeye huliona kuwa gumu kuliko yote. Kruza ya Uingereza iitwayo Devonshire ilikuwamo katika kundi lililoishambulia Diego Suarez, nayo pia ni meli ya kuchezwa, lakini imewekwa ngazi ya sita, na kwa kuwa mchezo hukutanisha meli za ngazi zinazokaribiana tu, Devonshire na Bougainville haziwezi kamwe kuonana katika pambano la kawaida. Kwa mchezaji ni kanuni ya haki, maana meli dhaifu ingezamishwa kabla haijapata nafasi ya kufyatua. Katika historia hakukuwa na ngazi, na aviso ya makoloni iliachwa ipambane na manowari za kubebea ndege. Mchezo umeutoa kwenye vita ule ukosefu wa usawa uliokuwa ndio sifa kuu ya vita vya makoloni, ukabakiza kile kinachofurahisha.

Hawkins, kruza nyingine ya Uingereza iliyomo mchezoni katika ngazi ya tano, inalifanya swali hilo kuwa zito zaidi. Mwezi Februari 1944 ilisindikiza msafara wa meli uliong'oa nanga Kilindini kuelekea Ceylon, na ndani ya msafara huo ilikuwamo Khedive Ismail, meli iliyobeba wapiga mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Nyambizi ya Kijapani iliizamisha tarehe 12 Februari karibu na Maldivi, na watu 1,297 wakafa. Vijana huiendesha Hawkins kila siku, wakijua uzito wa makombora yake na muda wa kujaza mizinga yake, pasipo kujua kwamba iliwahi kuwasindikiza watu wa nchi yao na kushuhudia maangamizi yao.

Inawezekana kudai kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba anayetafuta historia afungue kitabu. Udhaifu wa dai hilo ni kwamba vitabu vya Kiswahili kuhusu askari waliopigana Madagaska ni haba mno, ilhali kompyuta za Kitengela huwashwa kila asubuhi. Kwa hiyo kwa kijana anayezijua manowari kwa njia hiyo peke yake, kimya cha gemu hugeuka kuwa kimya cha historia. Hata hivyo hakuna jibu jepesi kuhusu namna ya kukivunja. Je, ingetosha kuongeza ukurasa wa maelezo chini ya picha ya meli, ambao wengi wangeupita bila kuusoma? Je, askari wa KAR watiwe ndani ya mchezo, na wajukuu wao wafurahie kuona babu zao wamekuwa shabaha? Na je, kampuni iliyo mbali, inayouza burudani, ndiyo yenye wajibu huo, au wajibu ni wa walimu, wanahistoria na wahariri wa Kenya, ambao wamezijua tarehe hizi kwa miaka mingi na hawajaziandika kwa lugha ambayo kijana wa saiba huisoma bila kulazimishwa?

Fundi wa Mashuuru hadai kuwa na majibu. Alichokifanya ni kuongeza somo katika mafunzo yake: kabla mgeni hajaruhusiwa kufyatua mzinga wa kwanza wa Bougainville, sharti aambiwe meli hiyo iliuawa wapi, na nani, na pacha wake aliungua katika bandari gani. Wengine humsikiliza, wengine humwomba afanye haraka. Somo hilo halihitaji kibali cha kampuni yoyote wala fedha za serikali, na kwa hiyo hakuna anayeweza kuulaumu umaskini kwa kutolifundisha kwingineko.