Racheti Haipimwi kwa Kung'aa

Najua kurasa hizi zimezoea mashairi na insha za methali. Leo naomba nafasi kidogo niwaeleze juu ya kifaa cha chuma. Sababu ninayo. Kila mwaka, baada ya mtihani wa kidato cha nne, baadhi yetu huingia gereji za jua kali pale Makutano mjini Meru, Chuka, Runyenjes au Embu kujifunza ufundi wa magari. Pesa za kwanza wanazopata huishia kwenye vifaa, na kifaa kinachowala wengi ni racheti. Mimi nimekulia karibu na gereji ya baba mdogo mjini Embu, na likizo zangu nyingi zimeishia chini ya magari, kwa hivyo haya siyatoi hewani.

Racheti ni mpini wa kuzungushia soketi. Ndani ya kichwa chake mna gurudumu dogo la meno na kipande cha chuma kinachosukumwa na springi, ambacho hapa nitakiita ulimi. Ukivuta mpini upande mmoja, ulimi unauma meno na nati inazunguka. Ukiurudisha, ulimi unaruka juu ya meno, krr-krr-krr, na soketi inabaki pale pale juu ya nati. Basi siri yote imo kichwani, mahali usipoona.

Hapo ndipo wauzaji wanapotupatia. Racheti mbovu hupakwa kromu ikang'aa kama kioo, ikapitishwa madirishani mwa matatu kwenye steji. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hii hujitembeza kwelikweli! Eti imeandikwa "Chrome Vanadium" mpinini! Hicho ni chuma kizuri, sikatai, lakini herufi humtii yeyote mwenye muhuri.

Badala ya kusoma maandishi, tumia vidole. Shika ile ncha ya mraba inayoingia kwenye soketi, uitikise. Ikicheza sana, iache. Izungushe polepole pande zote mbili ukisikiliza: mlio uwe sawasawa mzunguko mzima. Ukisikia krr-krr, kimya, krr, ujue kuna jino lililolala au ulimi unaokwama. Kisha mwombe mwenye duka bolti na nati, uifunge nati kwa vidole tu, halafu uikaze kwa racheti. Ukirudisha mpini na nati nayo ikarudi, springi ni ngumu mno; ndani ya injini, mahali mkono haufiki, utazunguka na nati hiyo hadi jioni. Tazama pia mgongo wa kichwa. Ukifungwa kwa skrubu, utaweza kuufungua siku moja ukasafisha. Ukipigiliwa ribiti, huo ni wa kutupa.

Na meno je? Hapa hesabu ya darasani inasaidia. Duara lina digrii 360. Racheti ya meno 36 inahitaji digrii 10 kabla ya kuuma jino jingine. Ya meno 72 inahitaji 5 tu. Ukiwa umelala chini ya pikapu ya miraa kutoka Maua, unafungua startera iliyobanwa na chesisi, hizo digrii tano ni tofauti ya kufungua na kutofungua. Lakini msikimbilie meno mengi. Meno mengi ni meno madogo, na vumbi letu jekundu likishikana na grisi huyajaza upesi. Kwa mwanafunzi wa ufundi mwenye racheti moja tu, mimi ningechagua ya nusu inchi yenye meno manene kiasi.

Zingine zina kitufe cha kuachia soketi. Kitufe hicho kilibuniwa na kijana wa Marekani, Peter Roberts, karani wa duka la Sears, ambaye hata miaka ishirini hakuwa ametimiza. Kampuni hiyo ilinunua haki zake kwa malipo yasiyozidi dola 10,000, na mwaka 1978 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba alihadaiwa, alipwe dola milioni moja. Kibonyeze kitufe mara kadhaa kabla ya kulipa. Kikirudi kwa uvivu, soketi itakuangukia usoni.

Sasa, hata racheti nzuri huuawa, na muuaji mkuu ni bomba. Nati imeshika kutu, fundi anachomeka bomba kwenye mpini. Mpini wa sentimita 25 ukifika 75, nguvu ya mkono ule ule inazidishwa mara tatu, na mzigo wote unaangukia meno machache yaliyoumwa na ulimi. Nimeona fundi akichunika vifundo vya vidole hadi mfupa kwa sababu hiyo. Nati ngumu ilegezwe kwanza kwa ringi spana au mpini mrefu usio na meno. Racheti ije kumalizia. Na ubaya hauishii vidoleni. Racheti inayoteleza humfanya fundi aogope kuvuta, akaacha bolti ya breki nusu kaza, na gari hilo kesho linateremka Nithi na abiria kumi na wanne.

Kuitunza si kazi. Ifungue, ioshe kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, ikauke, utie matone machache ya oili nyepesi. Grisi nzito ya beringi usitie! Asubuhi za baridi ya mlimani huganda, ulimi ukachelewa kuuma, ukadhani racheti imekufa. Unapofungua, tandika kitambaa chini, maana ile springi huruka na haipatikani tena. Ikiwa umeisafisha vizuri na bado inateleza, usiifunge kwa matumaini. Tafuta meno na ulimi mpya wa aina ile ile, na usipopata, iondoe kabisa kwenye boksi, asije mwenzako akaishika gizani.