Kidole cha Bob Marley
Tito Puente, mfalme wa ngoma za Latin jazz mjini New York, alipiga hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 77, baada ya upasuaji wa moyo. Bob Marley, aliyeifikisha reggae ya Jamaika dunia nzima, alikufa 1981 akiwa na miaka 36 tu.

Mwaka 1977 kidonda cha kidole gumba cha mguu, kilichodhaniwa ni cha mpira, kilibainika kuwa saratani ya ngozi. Imani yake ya Rastafari ilimfanya akatae kukatwa kidole. Saratani ikasambaa hadi kwenye ubongo.

Kwa watu weusi, saratani hiyo hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Kwa watoto ni nadra. Kagua miguu ya baba na bibi. Weusi unaopanuka chini ya kucha, au kidonda kisichopona, ni wa kuonwa na daktari.