Fahamu gharama za matibabu ya mzizi wa jino kabla ya kuanza tiba

Wananchi wa Kata ya Katubuka, Manispaa ya Kigoma Ujiji, wanaohitaji matibabu ya mzizi wa jino wanashauriwa kuulizia jumla ya gharama kabla ya kuanza tiba, kwa kuwa mara nyingi malipo hayaishii katika hudhurio la kwanza.

Katika tiba hiyo, daktari wa kinywa na meno huondoa kiini kilichooza, husafisha mifereji ya mizizi na kuiziba ili jino lising'olewe. Malipo hujumuisha kumwona daktari, picha ya eksirei, kazi ya mizizi, kuziba jino na, inapobidi, kulivisha kofia. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego huweza kuwa na mitatu au minne, hivyo gharama yake huwa kubwa zaidi.

Anayekatisha tiba kwa kukosa fedha huweza kupoteza jino pamoja na alichokwisha kulipa.

Kabla ya kuanza, iwe katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kigoma, Maweni, au kituo kingine, mgonjwa aulize iwapo huduma inapatikana, mahudhurio ni mangapi na bima yake inagharamia hatua zipi. Kila malipo yadaiwe risiti.