Kikuza Mawimbi Kisiwe Adha kwa Jirani

Wakazi wengi wa pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Mbagala na Chamazi wilayani Temeke, au Bunju na Mabwepande wilayani Kinondoni, wanaijua taabu ya kutoka uani ili simu ipate kushika. Ndugu zetu wa Unguja nao wanaijua, kwani kuta nene za mawe za Mji Mkongwe hudhoofisha mawimbi ya redio. Si ajabu, basi, kwamba wako wanaonunua vikuza mawimbi. Nia hiyo hatuilaumu. Tunalosema ni kwamba kifaa kibovu humfaa mmoja na kuwadhuru wengi.

Kikuza mawimbi kina antena mbili: moja juu ya paa, ikiuelekea mnara, na nyingine ndani ya nyumba. Kikiwa cha desibeli 60, huongeza nguvu ya mawimbi mara milioni moja. Antena hizo zikikaribiana, mawimbi yanayotoka upande mmoja huingia upande wa pili na kukuzwa upya, tena na tena. Kila aliyehudhuria mkutano wa hadhara ameusikia mlio wa kipaza sauti kilichosogezwa mbele ya spika. Ubaya wenyewe ndio huo, ila huu wa redio haufiki masikioni mwetu. Hufika mnarani, ukawa kelele inayozifunika simu za mtaa mzima.

Kichujio huzuia masafa yasiyohusika, lakini mwangwi huo hakiuzuii, kwa kuwa umo katika masafa yale yale yanayotakiwa. Kwa hiyo vikuza vilivyo bora huupima mwangwi, hutengeneza nakala yake, na kuiondoa katika mawimbi yanayoingia. Mwangwi ukizidi, hujipunguzia nguvu au hujizima. Vile duni havina kinga hiyo.

Posta na simu ni mambo ya Muungano. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo yenye dhamana ya masafa na ya kuidhinisha vifaa, Bara na Visiwani, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Twaiomba ishirikiane na wakaguzi wa bandari za Dar es Salaam na Malindi, ili vifaa visivyoidhinishwa vizuiwe kabla havijafika madukani. Makampuni ya simu nayo hayana budi kuwafikishia wateja huduma waliyoilipia, maana pasipo na shida ya mawimbi hakuna anunuaye kikuza. Na mwananchi, kabla ya kutoa fedha zake, aulize kama kifaa kimeidhinishwa.

Mtu ambaye nyumba yake inaungua hupiga 114 kuwaita Zimamoto. Haifai simu yake ikose njia kwa sababu ya kifaa kilichofungwa kwa jirani. Wenye dhamana wasingoje mpaka hilo litokee ndipo wachukue hatua.