Dakika kumi kabla ya kuchuma majani chai

Je, nyumbani kwako mlisoma Biblia pamoja asubuhi? Sisemi juu ya leo. Leo ni Jumapili, na huenda viatu vya watoto vilipigwa rangi tangu jana jioni. Nauliza juu ya Jumanne, au Alhamisi, siku zile ambazo baba anatafuta soksi, mama anafunga chakula cha mtoto, na matatu inapiga honi barabarani. Wengi wetu tukiulizwa swali hilo hutazama chini. Nami ninayeliuliza ni mmoja wao.

Miezi michache iliyopita nililala katika boma moja upande wa Bomet, si mbali na kiwanda cha majani chai cha Kapkoros. Kwa wasioijua nchi hiyo, kutoka Kericho kwenda Bomet ni vilima baada ya vilima vilivyofunikwa kijani kibichi. Upande wa Kericho utakuta mashamba makubwa ya makampuni, yaliyoanza kupandwa miaka ya 1920. Upande wa Bomet utakuta zaidi wakulima wadogo: chai hapa, mahindi pale, ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba.

Kama unadhani watu wa mashambani wana muda mwingi wa sala kwa kuwa hawana foleni za magari, umekosea kama nilivyokosea mimi. Huko bwana mkubwa ni jani. Mvua hupenda kuja alasiri, pengine mvua ya mawe, kwa hiyo mchumaji huwahi asubuhi. Huchuma majani mawili na kichipukizi, akayatupa kikapuni mgongoni, kisha akayapeleka kituoni kupimwa, na gari la kiwanda huyachukua siku hiyo hiyo. Yakishindiliwa na kucheleweshwa hupata joto, yakageuka mekundu, na jasho la siku nzima limepotea. Gari halingoji mtu amalize kuomba.

Basi saa kumi na moja na nusu niliamshwa na mlio wa sufuria. Mama wa nyumba alikuwa ameteleka chai. Bado haijachemka, watu wote wakawa wamekwisha kuketi jikoni: baba, nyanya wanayemwita Kogo, na watoto wawili. Msichana wa miaka 13 alisoma mistari kama minane ya Injili ya Marko, kwa Kiswahili, ili mgeni asipitwe. Kogo alifuata kwa kidole katika Biblia yake ya Kikalenjin, jalada limechakaa hata halina rangi. Hakuna aliyehubiri. Baba aliuliza swali moja tu, "Nani hapa aliogopa?" na mtoto mdogo akajibu kwamba ni wale waliokuwa ndani ya mashua. Kogo akaomba kwa lugha yake, akamaliza, na chai ikachemka. Saa yangu ilionyesha dakika kumi, au pungufu.

Nilipouliza kwa nini wamechagua wakati ule, mama alicheka. "Chai lazima ichemke, mwanangu. Hata siku tusipotaka kuomba, chai tutateleka."

Hapo ndipo nilipoona kosa letu wa mjini. Sisi huitafutia ibada muda wake wa pekee, muda mtulivu, na muda huo haufiki. Wao wameifunga kwenye jambo ambalo litatokea tu, upende usipende.

Isitoshe, desturi ya kuamka na kumwelekea Mungu haikuletwa na meli. Kabla ya wamishenari, Wakipsigis walimwomba Asis, jina lenye uhusiano na jua, na mahali pao pa sala nyumbani, mabwaita, palikuwa nje upande wa mashariki. Hata hilo jina Kapkoros, ambalo leo wengi hulijua kwa sababu ya kiwanda, ni jina la mahali pa ibada ambapo watu walikusanyika kumwomba Mungu. Wamishenari waliofika Kericho mwanzoni mwa karne iliyopita, na baadaye Litein na Tenwek, waliwakuta watu wanaojua kuomba. Walichokuja nacho ni kitabu. Biblia nzima ya Kinandi, lugha ambayo Mkipsigis huielewa bila taabu, ilitoka mwaka 1939. Ile ya Kiswahili iitwayo Union Version, ambayo wengi wetu tulikua nayo, ilitoka mwaka 1952.

Lakini usidhani nyumba ile imekuwa hivyo siku zote. Jioni, tukiwa tunakunywa mursik, mama alinisimulia mambo ambayo hakulazimika kuniambia. Zamani ibada yao ilikuwa ya usiku, baada ya chakula, na aliyeiongoza alikuwa baba. Ilichukua saa nzima. Na kila sala ilikuwa na mshtakiwa wake. "Bwana, mtazame kijana huyu anayepoteza karo." "Bwana, mguse huyu anayerudi nyumbani usiku." Kijana amefumba macho, ndugu zake wamefumba macho, na kila mmoja anajua ni nani anayesemwa. Kifungua mimba akaanza kujifanya amelala ifikapo saa ya sala. Alipomaliza shule alikwenda Nairobi, na kwa muda mrefu hakupiga simu.

Aliyekata neno ni Kogo. Alimwambia mwanawe mbele ya mkewe, "Kama una neno na mtoto, mwambie mkiwa shambani. Usimpitishie kwa Mungu." Baba alinyamaza wiki nzima. Kisha ibada ikahamia asubuhi, wakati ambapo hakuna nafasi ya kusema mengi.

Mzazi unayesoma ukurasa huu, jipime hapo. Mtoto anayesutwa ndani ya sala hana pa kujitetea, kwani atamjibuje mtu anayezungumza na Mungu? Mimi mwenyewe nimekulia katika nyumba yenye sala za namna hiyo, na hadi leo nikisikia mtu mzima akianza kuomba kwa sauti nzito, mabega hunipanda.

Sasa, nini cha kusoma? Wengi huanza Januari na kitabu cha Mwanzo wakiwa na ari kubwa, wakafia katika Walawi kabla ya mvua za masika. Biblia ina sura 1,189, yaani zaidi ya sura tatu kila siku kwa mwaka mzima. Kwa mwanafunzi mwenye mitihani huo ni mzigo. Afadhali Marko, yenye sura 16 tu. Au Mithali, yenye sura 31, moja kwa kila tarehe ya mwezi. Agano Jipya lote lina sura 260. Ukisoma sura moja siku tano za juma, Jumamosi na Jumapili ukapumzika, unalimaliza kwa majuma 52. Na ukiruka siku tatu usizilipe kama deni la duka. Anza na ya leo.

Wanaoishi peke yao pia wasijione wametengwa. Kwenye kituo cha kupimia majani niliona mzee ameketi juu ya gunia, Agano Jipya dogo mkononi, akisoma huku gari likichelewa. Abiria wa matatu ya Rongai anaweza kufanya hivyo hivyo kwa simu, mradi asifungue kwanza ujumbe wa watu.

Na wanaomba nini huko? Wanaomba mambo yanayowauma. Karo. Bonasi ya majani, ambayo huombewa kwa bidii kuliko mvua. Katika mashamba makubwa wanaombea kazi, maana mashine za kuchuma zimechukua nafasi za watu wengi, na hasira ilipofurika Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto huko Kericho. Katika nyumba za wafanyakazi Mkisii, Mjaluo, Mluhya na Mkipsigis ni majirani, na wakikutana kuomba lugha yao ni Kiswahili.

Asubuhi niliyoondoka, simu ya mama ilikuwa mezani kando ya Biblia. Yule kijana wa Nairobi sasa hupiga baadhi ya siku kabla chai haijachemka, na huwekewa sauti ya juu asome mistari miwili mitatu. Siku nyingine hapigi. Siku hiyo tulingoja kidogo. Sufuria ikaanza kuvuma. Mama akaitazama simu, akasema, "Labda alikuwa na kazi ya usiku," akamkabidhi msichana kitabu. Kogo alipoomba nilisikia jina la kijana likitajwa, mara moja tu. Kisha baba akanywa chai yake wima, akachukua kikapu, akatoka.