Si kila hitilafu ya stima ni shoti

Nilialikwa kusimamia warsha ya walimu wa Kiswahili katika jengo moja la ofisi mtaani Milimani, hapa Kisumu. Mvua ya jioni, ile itokayo ziwani bila ya kubisha hodi, ilikuwa imekwisha kupita. Mlinzi alinyosha mkono afunge kabati la chuma lenye swichi kuu, akaurudisha kama aliyegusa kaa la moto. Fundi aliyeitwa aliligusa kabati kwa kisogo cha kidole, akacheka. "Hiyo ni shoti ndogo tu, mwalimu. Pakikauka itaisha."

Warsha iliendelea, lakini neno lile lilikataa kunitoka akilini. Katika magazeti yetu kila jengo linaloteketea huambiwa limechomwa na "hitilafu ya umeme", na mitaani kila hitilafu ya umeme huitwa shoti. Mtu akirushwa na stima, ni shoti. Taa zikizimika, ni shoti. Daktari anayeyaita maradhi yote homa atawatibu wagonjwa wangapi?

Shoti hasa ni pale nyaya mbili zinazopaswa kutengana zinapogusana. Mkondo huwa mkubwa ghafla, fyuzi huyeyuka au swichi huruka, na mambo hukoma hapo. Kilichomgusa mlinzi wetu ni kitu kingine: umeme ulikuwa umevuja kutoka kwenye waya, ukashika chuma cha kabati na kutafuta njia ya kwenda udongoni. Tuuite uvujaji wa ardhini. Tofauti ya majina hayo mawili ni tofauti ya uhai na mauti, na hesabu yake haimshindi mwanafunzi wa sekondari.

Umeme wetu wa kawaida una volti 240 kati ya waya na ardhi. Chukua jengo linalotegemea fimbo ya shaba iliyochimbiwa katika udongo mkavu wenye mawe, na useme njia hiyo ya ardhini ina ukinzani wa omu 20. Gawanya 240 kwa 20, upate ampia 12. Fyuzi ya ampia 100 penye swichi kuu haitajua kwamba kuna jambo lolote, kwa kuwa kwayo ampia 12 ni mzigo wa birika moja la kuchemshia chai. Kumbe chuma cha kabati kinaendelea kubeba karibu volti zote 240, kikimngoja mwenye mkono wa maji. Kifaa cha kumkinga binadamu huwekwa kikate umeme uvujaji ukifika miliampia 30, yaani sehemu 30 kwa elfu za ampia moja. Pima sasa mwenyewe umbali uliopo kati ya tarakimu hiyo na ile 12.

Namna kifaa hicho kinavyofanya kazi inapendeza kuliko jina lake. Hupima mkondo unaokwenda na mkondo unaorudi. Jumla zisipolingana, kuna sehemu iliyopotelea njiani, nacho hukata. Ni mhasibu asiyekubali kwamba senti chache si hoja.

Katika majengo makubwa kuna sura ya pili ya jambo hili. Wamarekani waligundua kwamba cheche inayoruka kati ya waya na chuma ndani ya kabati la swichi kuu yaweza kuendelea kuwaka huku mkondo wake ukiwa chini ya kiwango cha kuirusha swichi, hadi kabati lote liyeyuke. Ndiyo maana tangu 1971 kanuni zao zinadai kinga ya uvujaji wa ardhini kwa swichi kuu za ampia 1000 na zaidi, pale volti kati ya waya na ardhi inapozidi 150. Kinga hiyo haiwezi kuwekwa juu ya ampia 1200, na uvujaji ukifika ampia 3000 sharti ikate katika muda usiozidi sekunde moja. Zaidi ya hayo, sharti ijaribiwe papo hapo inapofungwa. Msomaji makini ameona kwamba hiyo ni kinga ya jengo, si ya mlinzi. Ampia 1200 hazimwachi mtu.

Kwetu, Sheria ya Kawi ya 2019 inataka mafundi wa umeme wawe na leseni, nami siwalaumu wote kwa kosa la mmoja. Ninachodai ni kwamba Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, ilhali katika makabati mengi niliyoyachungulia neno la Kiswahili ni moja tu: HATARI. Hatari gani, na mtu afanyeje, hayo yameachwa kwa Kiingereza, au hayakuandikwa kabisa. Walimu wa fizikia na wa Kiswahili wangeketi meza moja siku mbili tu, tungepata istilahi za kutosha ukuta mzima.

Wiki mbili baadaye nilipita pale tena. Fundi mwingine alikuwa amekuta waya wa ardhi umekatika kutu penye fimbo; aliubadilisha, akafunga na kifaa cha kukata. Mlinzi alinionyesha kibonyezo kidogo chenye herufi T. "Daktari, hiki nacho ni cha nini? Hakuna aliyeniambia." Nilimweleza kwamba ni cha kukijaribu kifaa. Akakibonyeza, jengo zima likazimika, na ghorofani watu wakapiga kelele kwamba kuna shoti.