Kuuliza Habari za Usalama Gitega na Muyinga: Nafasi ya Maneno katika Upimaji wa Hofu ya Uhalifu

Ikisiri

Tafiti za maoni hupima hofu ya uhalifu kwa kuwauliza wananchi iwapo wanajihisi salama nyumbani na wanapotembea katika maeneo yao. Makala haya yanaeleza yanayolipata swali hilo linapoulizwa kwa Kiswahili na Kirundi katika miji ya Gitega na Muyinga nchini Burundi. Yanaonyesha kwamba maneno salama, usalama, kutembea na mgeni yana maana zinazoweza kuficha hofu halisi, na kwamba maswali yanayohusu vitendo vya kila siku yana nafasi kubwa zaidi ya kuwafikishia watunga sera taarifa wanazozihitaji.

1. Utangulizi

Kiashiria 16.1.4 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa hupima uwiano wa watu wanaojihisi salama wanapotembea peke yao katika eneo wanaloishi baada ya giza kuingia. Afrobarometer, iliyofanya tafiti nchini Burundi mwaka 2012 na 2014, huuliza maswali mawili yanayokaribiana na hilo: la kwanza linahusu hofu ya kutembea mtaani, na la pili hofu ya kufikwa na uhalifu nyumbani. Majibu hugeuzwa asilimia, na asilimia hizo huweza kutumiwa kuamua ni wapi pajengwe kituo cha polisi au pawekwe taa za barabarani.

Kati ya swali la awali na asilimia ya mwisho kuna hatua isiyojadiliwa sana, nayo ni tafsiri. Gitega na Muyinga ni mahali panapofaa kuichunguza hatua hiyo. Gitega, ambako Wajerumani walianzisha kituo chao mwaka 1912, ulifanywa mji mkuu wa kisiasa Januari 2019, huku Bujumbura ikibaki kitovu cha uchumi. Muyinga uko kaskazini-mashariki, katika barabara iendayo mpaka wa Tanzania kupitia Kobero. Kirundi ni lugha ya wote katika miji yote miwili. Kiswahili nacho kina wasemaji wake: wakazi wa mitaa ya Waswahili, wafanyabiashara wa mpakani, na watu waliorejea kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania kama Nduta na Nyarugusu. Hivyo, mkazi mmoja anaweza kuulizwa habari za usalama wake kwa lugha mbili, akatoa majibu mawili yasiyolingana, na yote yakawa ya kweli.

2. Salama kama salamu

Tafsiri ya kwanza inayomjia mtafsiri ni: "Je, unajihisi salama?" Sarufi yake haina kasoro. Tatizo ni kwamba salama ni neno la salamu pia. Anayeulizwa habari za nyumbani hujibu "salama" hata kama usiku uliopita ameibiwa mbuzi. Habari ya mbuzi hufuata baadaye, mazungumzo yakishakolea. Kirundi kina desturi kama hiyo. Watu huamkiana kwa neno amahoro, yaani amani, na jibu lake ni amahoro. Mhoji anayefungua mazungumzo kwa neno la salamu ana hatari ya kupokea adabu na kuiandika kuwa takwimu.

Mtafsiri akilikimbia neno salama na kushika nomino usalama, hukutana na tatizo jingine. Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki, usalama umekaa karibu na dola: watu wa usalama ni maofisa wa serikali, na kamati ya usalama ni chombo cha utawala. Katika Kirundi, umutekano hutokana na kitenzi gutekana, kutulia. Hata hivyo, maneno abajejwe umutekano, wale waliokabidhiwa usalama, humaanisha polisi na wanajeshi. Kwa nchi iliyopita katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993, na ambayo Mkataba wake wa Arusha ulitiwa saini Agosti 2000, swali la umutekano laweza kusikika kama swali kuhusu vita na utawala. Kwa mtu anayekumbuka milio ya risasi, jibu kwamba umutekano upo ni la haki. Jibu hilo halisemi lolote kuhusu mlango uliovunjwa wiki iliyopita. Isitoshe, anayedhani ameulizwa habari za dola ana sababu ya kupima maneno yake mbele ya mhoji asiyemfahamu.

3. Kutembea na giza

Neno la pili ni kutembea. Katika Kiswahili, kutembea ni kwenda kwa miguu, lakini pia ni kuzuru na kuzurura. Kutembea na mtu kuna maana nyingine isiyosemwa mbele ya wakwe. Mwanamke akiulizwa kama hujihisi salama "akitembea peke yake usiku", anaweza kujibu kwamba hatembei usiku. Kwa jibu hilo analinda heshima yake. Kiwango cha hofu yake hakijulikani bado. Vitenzi kupita na kurudi nyumbani vina unafuu, kwa kuwa vinataja safari yenye sababu.

Giza nalo lina saa zake. Burundi iko karibu na Ikweta, na jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Katika nchi za kaskazini ya mbali, saa ya kuzama jua hubadilika sana kwa majira. Mjini Gitega, "baada ya giza" huanza wakati muuza mboga anafunga meza yake na kibarua wa ujenzi anarudi kwake. Kwa watu hao, saa ya giza ni sehemu ya siku ya kazi.

4. Ua, jirani na mgeni

Kuhusu nyumbani, Kirundi kina neno urugo, ambalo ni kaya na pia ua unaoizunguka. Usalama wa urugo haukomei kwenye ukuta na kufuli. Unamhusu pia umubanyi, yaani jirani, jina linalotokana na kubana, kuishi pamoja. Anayevamiwa usiku huvuza induru, hupiga mayowe, na tumaini lake la kwanza ni jirani atakayetoka.

Utawala umejengwa juu ya ujirani huo. Neno nyumbakumi, lililoenea Tanzania kutokana na mfumo wa mabalozi wa TANU katika miaka ya 1960 na kuhuishwa Kenya mwaka 2013, linatumika Burundi pia kumtaja kiongozi wa ngazi ya chini kabisa. Zipo pia doria za usiku za wakazi, kamati za usalama zinazowakutanisha wananchi, polisi na watawala, na daftari la kaya ambamo wakazi wa nyumba pamoja na wageni wao huorodheshwa.

Hapa ndipo neno mgeni linapokuwa na uzito. Katika Kiswahili, mgeni ni anayekaribishwa na pia ni asiyejulikana. Kirundi kina umushitsi kwa anayekaribishwa, ilhali aliyerudi kutoka uhamishoni huitwa uwahungutse, na asiyejulikana huelezwa kwa namna nyingine. Mtu aliyerejea Muyinga baada ya miaka kambini anaweza kuwa mgeni kwa maana zote mbili, katika mji wa wazazi wake. Doria inayompa mwenye duka usingizi ndiyo inayomsimamisha huyo njiani na kumuuliza jina la nyumbakumi wake. Na kwa kuwa kilio cha "mwizi!" katika miji mingi ya Afrika Mashariki kimewahi kuwaponza watu wasio na hatia, hofu ya kudhaniwa mwizi ni hofu halisi ya uhalifu. Hojaji za kawaida hazina nafasi ya kuiandika.

5. Namna ya kuuliza

Maelezo haya yanaelekeza kwenye maswali yanayotaja vitendo, wakati na watu, na kuliacha neno la jumla. Mifano minne inatosha:

(a) Katika mwezi uliopita, je, kuna usiku wewe au mtu wa nyumbani kwako mlikaa macho kwa kuhofia wezi?
(b) Je, kuna siku uliacha kwenda mahali ulipohitaji kwenda kwa sababu giza lilikuwa limeingia?
(c) Ukipiga mayowe usiku, ni nani unayetarajia atakuja kwanza?
(d) Je, kuna siku uliogopa kupita mahali kwa sababu ungeweza kudhaniwa mwizi au mtu asiyejulikana?

Swali (a) na (b) yanatenganisha nyumba na njia. Swali (c) linapima imani kwa jirani na kwa polisi bila kulitaja neno usalama. Swali (d) linamhesabu mtu ambaye ulinzi wa wengine ni tishio kwake. Inafaa kila swali litungwe kwa Kirundi na kwa Kiswahili sambamba, na mhoji aandike lugha iliyotumika, ili tofauti ya majibu isichukuliwe kuwa tofauti ya mitaa.

Tahadhari moja inahusu mipaka. Mageuzi ya utawala yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yalipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42. Mkoa wa zamani wa Muyinga sasa umo ndani ya Buhumuza. Takwimu za "Muyinga" za mwaka 2014 haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na za leo bila kueleza ni Muyinga ipi inayokusudiwa.

6. Hitimisho

Swali moja la usalama linaweza kupokea salamu, tathmini ya amani ya nchi, utetezi wa heshima au hofu ya mwizi, na karatasi ikayaandika yote kuwa kitu kimoja. Mshauri wa sera anayepokea asilimia ana wajibu wa kuomba pia maneno ya swali, katika lugha lililoulizwa. Bila maneno hayo, taa zaweza kuwekwa mahali ambapo watu walihitaji jirani, na doria zikaongezwa mahali ambapo aliyerejea anaziogopa kuliko anavyomwogopa mwizi.